Bahari Ukutani kwa Soipan

Mimi siogopi wafu. Nikiwaogopa nitakula nini? Kazi yangu ni fremu na vioo, hapa Kitengela nyuma ya soko, na nusu ya picha zinazofika mezani kwangu ni za watu waliolala mochari wakingoja siku ya mazishi. Familia inakuja na simu mkononi, inaniambia, "Mama Mugure, tutolee hii iwe kubwa, utuwekee fremu ya dhahabu, msafara unaondoka kesho asubuhi." Natoa picha, nakata mbao, napangusa kioo. Marehemu ananiangalia na lile tabasamu lake la harusini, na mimi naendelea na chai yangu. Kwa hivyo mtu asije akaniambia ati mimi, Wacuka, naogopa picha. Ni moja tu imewahi kunitoa jasho, na hata haikuwa ya marehemu. Ilikuwa picha ya bahari, na mwenyewe ni jirani yangu Soipan.

Soipan namjua tangu Kitengela ikiwa barabara moja na vumbi. Alitoka kwao Ilbisil akaja kuolewa hapa na Kisemei, na kila asubuhi alinipigia mlango na maziwa. "Takwenya," ananisalimia. "Iko," namjibu, na hapo Kimaasai changu kimeisha. Maziwa yake hayakuwa na tone la maji. Akisikia kuna mwenzake anachanganya, atamtangaza kutoka sokoni mpaka kanisani. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini yakishatoka hayarudi. Ukimwuliza jambo anakuangalia kwanza, mpaka unajuta kwa nini uliuliza. Mumewe alikuwa mtu wa kicheko, na aliuza shamba la baba yake kipande kwa kipande mpaka siku aliyokufa. Leo boma la Soipan limebanwa katikati ya maghorofa, nguo za wapangaji zinadondosha maji juu ya zizi lake. Ukimwambia ahamie huko Kajiado kwenye nafasi, anakuuliza kama wewe umeshahama.

Huyo Kisemei ndiye aliileta picha. Gesti moja ya zamani kwenye njia ya Isinya ilifungwa, vitu vikauzwa nje uwanjani, naye akanunua viti. Picha ilikuja juu ya viti, maana mwenye kuuza hakutaka kubaki nayo. Kisemei hakuwahi kuona bahari maisha yake yote. Aliitundika sebuleni, akarudi nyuma, akaitazama weee, kisha akauliza, "Sasa ng'ombe wako wapi?" Kwake yale mawimbi yalikuwa milima ya Ngong wakati wa mvua, na ile mashua ilikuwa hori ya kunyweshea ng'ombe. Alishangaa ni watu wazima wa aina gani wanaweza kujazana ndani ya hori na mvua inanyesha. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Soipan ndiye alimwambia hiyo ni bahari, aliiona kwenye kitabu cha shule cha mtoto.

Wacha nikueleze hiyo picha, maana bila hivyo hutanielewa. Ni ya kuchapwa kwa karatasi nzito, kubwa, ya mambo ya Wazungu wa kale. Nyuma kuna meli imelala ubavu, mlingoti umevunjika, matanga yamekuwa matambara. Mbingu ni nyeusi, na mahali pamoja zimepasuka, mwanga wa manjano unatoka. Mbele ndiyo hiyo mashua, imejaa watu wa makoti marefu, nywele zimelowa, na wote, hata mama mmoja aliyebeba mtoto, wanaangalia majini. Majini kuna mtu. Mdomo uko wazi, mkono mmoja ameunyosha mpaka umefika kwenye ukingo wa mashua. Na ndani kuna mwanaume wa kofia ameinama, ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Uso wake huuoni vizuri, kofia imeufunika, na hapo ndipo shida ilipo. Ukiangalia hivi, anamvuta mtu aingie. Ukiangalia vile, anambandua vidole aende zake, kwa sababu mashua imejaa.

Miaka hiyo yote hakuna aliyejali. Ikaja kuwa kesi baada ya kifo cha Austin.

Austin alikuwa mtoto wa pekee wa Soipan. Wengine walimtoka wakiwa wachanga, na huyu aliyebaki alimlea kama yai. Alikuwa mrefu kama mamake na mcheshi kama babake. Alikuwa akipakia mawe kwa lori kule kware, kwenye machimbo ya mawe, na jioni anapita dukani kwangu akiwa mweupe wa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, ananiambia, "Mama Mugure, nipige picha sasa hivi, ndio mjue nitakaa aje nikizeeka." Siku zote alikuwa na Nelson. Nelson ni wa Kalekye, yule Mkamba anayeuza mboga kando ya duka langu. Walisoma darasa moja, wakaacha shule pamoja, wakashika kazi ya mawe pamoja. Nelson alikula kwa Soipan kuliko alivyokula kwao, na alimwita Mama tu, bila kuongeza jina la mtu.

Kisha ukaja ule ukame. Soipan alizinunulia ng'ombe zake nyasi, alizinywesha uji, asubuhi tukaenda majirani kumsaidia kuziinua kwa mikono zisimame, na moja baada ya nyingine zilikataa kusimama. Alibakiwa na mtamba mmoja mwekundu ambaye hata hajazaa. Mvua iliporudi ilirudi na hasira. Zile kware zilizoachwa, yale mashimo makubwa ambayo watu walimaliza mawe wakaenda zao bila kuweka hata seng'enge, zikajaa maji mpaka juu. Mtamba akatoroka boma, akaenda kunywa huko, akateleza akaingia. Austin na Nelson wakachukua kamba wakaenda kumtoa.

Jioni nikiwa mlangoni nikamwona Nelson anapita barabarani. Amelowa chapachapa, hana viatu, anavuta mtamba kwa kamba. Nikamwuliza, "Na mwenzako?" Nikaona macho yake nikafunga duka, nikamfuata. Alimpeleka ng'ombe mpaka kwa Soipan, akamfunga kwenye nguzo, akakaa chini kwenye matope. Alifungua mdomo na hakuna kitu kilitoka. Ilibidi Soipan mwenyewe aangalie kamba, aangalie barabara, aelewe. Wapiga mbizi walimtoa Austin kesho yake.

Nani alianza kusema sijui, Kitengela mdomo haufungwi. Kuna mtu alikuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya shimo, akasema aliona mikono juu ya maji. Basi ikawa hivyo: Nelson alikuwa amemshika Austin mkono, akaona atavutwa naye, akamwachilia. Watu wakaongeza chumvi, wakaongeza na pilipili. Wengine wakasema hata alimpiga teke. Nelson hakukana na hakukubali. Aliacha kazi ya mawe, akaanza kuendesha pikipiki, na abiria wakimchokoza anaongeza mwendo.

Picha ya mazishi nilitengeneza mimi, na sikunywa chai nikiitengeneza. Baada ya mazishi Soipan aliifunga kwa shuka akaisukuma chini ya kitanda. Wazee wa kwao walisema jina la kijana aliyekufa halitajwi tena. Sisi kwetu tunakimbia kutafuta mtoto wa kupewa jina la marehemu lisije likapotea, kwa hivyo lilinishangaza. Kila watu na lao. Lakini nilishindwa nimwite nani, maana kwangu alikuwa Mama Austin. Nikaanza kumwita Soipan, kama vile naita msichana wa jana. Hakunikataza.

Mahali ambapo mtu angeweka picha ya mtoto wake, yeye akaweka bahari. Aliitoa kwenye kona, akaitundika ukuta unaotazama mlango, ukiingia tu inakupokea. Na akaanza lile swali lake. Chai haijamiminwa, anakuuliza, "Huyu wa kofia. Anavuta ama anasukuma?"

Pasta wetu, Githongo, alijibu kwa sauti ya mimbarini kwamba huyo ni Bwana anamwokoa Petro. Soipan akamwuliza tangu lini Bwana anavaa kofia. Githongo aliomba haraka haraka akaondoka, kikombe kikifuka moshi mezani. Binamu ya Kisemei, mtu wa kuuza ploti, alisema anasukuma, na ana haki, si mashua ikizama wote watakufa? Huyo alionyeshwa mlango. Mimi nilisema anavuta. Nilisema upesi, kwa sababu nilitaka tuongee mambo mengine.

Aliniangalia. "Unasema hivyo kwa kunihurumia," akasema. "Nimechoka na huruma, Mama Mugure. Nataka mtu aangalie."

Basi nikaangalia. Nakwambia, niliangalia ile picha mpaka nikaanza kuiota. Nikiwa nakata kioo nauona ule mkono. Nikishika mtoto wa mtu avuke barabara nashtuka, najiuliza nimeshikaje. Nilikasirika kabisa. Mtu ana shida zake, ana kodi ya duka, halafu kuna Mzungu wa kofia amekuja kukaa kichwani mwake bila kubisha hodi.

Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Kalekye. Nelson alikuwa halali usingizi. Kalekye aliniambia akiwa anakata sukuma wiki, machozi yanadondoka kwenye mboga za watu: usiku kijana anakamata blanketi anavuta, anavuta, mpaka inaanguka chini, na ukimgusa anasema, "Bado. Bado kidogo." Alikonda mpaka suruali ikawa inamkimbia. Kalekye akajikaza akaenda kwa Soipan, akamwomba ampokee kijana hata siku moja, ampe hata maji ya kunywa, watu waone, waache maneno.

"Aje," Soipan alimwambia. "Asimame hapa mbele ya hii picha, aniambie huyu wa kofia anafanya nini. Yeye ndiye anajua mkono wa mtu ukiwa majini. Akiongea nitajua. Kama alimvuta mtoto wangu, nitampa mkono. Kama alimsukuma, asikanyage hapa Kitengela tena."

Nelson aliposikia alikataa katakata. Akasema haendi kuangalia hiyo kitu, hata wamfunge. Unafikiri watu walisema nini? Si walisema amekiri! Hata Soipan, naye alianza kuhesabu kimya cha kijana kama jibu. Kila Soipan alipopita mbele ya duka langu, Kalekye anainamisha kichwa, mwenzake anapita. Mwishowe Kalekye akaanza kumfungia kijana nguo, ampeleke Loitokitok kwa dada yake, akalime nyanya huko, apotee. Kijana mzima anafukuzwa mjini kwao na karatasi! Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

Mambo yalikuwa hapo mvua ya msimu mwingine iliporudi. Siku moja Soipan akaingia dukani kwangu, kitu ambacho huwa hafanyi. Hakusalimia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Maji yamepanda."

"Maji gani?"

"Ya kwa picha. Yalikuwa hapa." Akaonyesha kifua chake. "Sasa yako hapa." Akaweka kidole chini ya kidevu.

"Soipan! Hayo ni maji ya karatasi! Wewe ni mwanamke mzima!" Nilimpigia kelele, naye akasimama tu pale akiningoja. Nikavuta mlango wa duka kwa nguvu, nikaenda naye, nikiwa nimejiandaa kumkemea vizuri tukifika.

Tukafika. Nikasimama mbele ya ile picha. Haki ya Mungu, maji yalikuwa yamepanda. Mstari mweusi ulikuwa umetoka chini, umemeza ubavu wa mashua, umemfika yule mtu kwenye kidevu, na mdomo wake ulikuwa wazi pale pale juu yake. Nywele zilinisimama. Mimi, Wacuka, niliyekwambia siogopi. Nyuma yangu nilimsikia Soipan akipumua.

Nikajilazimisha kugusa ukuta. Ukuta ulikuwa umelowa. Bati lilikuwa limeoza juu, maji yanateremka nyuma ya fremu, yanatuama chini ya kioo, na karatasi inayanywa kidogo kidogo kuelekea juu. Nikamweleza, nikamwonyesha bati. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuniamini, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiamini sawasawa. Nikamwambia picha ikibaki hapo itaoza, wacha niende nayo dukani niifungue niikaushe. Alikataa kwanza. Halafu akaniangalia, akasema, "Usiache maji yamfike puani." Nikaibeba chini ya mwavuli, uso wake nimeugeuza upande wa nje.

Kesho yake nikailaza mezani kifudifudi. Nikang'oa misumari yenye kutu, nikatoa kadibodi ikiwa imelowa na kunuka. Nilichokiona kilinifanya nitukane kwa Kikuyu. Upande mmoja wa picha ulikuwa umekunjwa nyuma, upana wa kiganja, kutoka juu mpaka chini. Fundi wa zamani, Mungu amsamehe, alikuwa na fremu ndogo kuliko picha. Fundi wa kweli anatengeneza fremu mpya. Mvivu anakunja picha. Nawajua, wako hata leo hapa mjini, wanakunja shangazi za watu kwenye picha za harusi.

Nikalainisha mkunjo kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikaufungua polepole usipasuke, nikageuza karatasi. Kulikuwa na mtu mwingine.

Alikuwa mwisho kabisa wa mashua, na alikuwa amewapa wenzake wote mgongo. Wote wanaangalia majini, yeye peke yake anaangalia kwingine. Kamba imepita juu ya bega lake, ameishika kwa mikono miwili, shingo imejaa mishipa, anavuta kwa nguvu zake zote. Kamba inaenda mpaka mwisho wa karatasi, na hapo inakatika. Anavuta nini, hakikuchorwa. Huko chini kulikuwa na maandishi, pengine yalieleza kila kitu, lakini wadudu walikuwa wameyala, zikabaki herufi moja moja. Nilivuta kiti nikakaa. Miaka yote hiyo alikuwa humo ndani, kwenye giza, akivuta.

Nikampigia Soipan simu. Alikuja upesi, akainama juu ya meza, akamtazama yule mtu bila kupepesa.

"Huyu alikuwa wapi?"

"Alikuwa amekunjwa."

Kisha akasema, "Mwite Nelson. Hapa si kwangu, hawezi kukataa."

Nikampigia Nelson mwenyewe. Nikamwambia, "Njoo dukani sasa hivi, na ukikataa nitakuja huko steji nikuvute masikio mbele ya wenzako." Nikamwita na Kalekye kutoka kwa mboga zake, maana jambo kama hilo huwezi kumficha mama. Nelson alifika, akamwona Soipan, akasimama mlangoni na helmeti kichwani. Nilifikiri atageuka. Kalekye akamshika mkono akamwingiza ndani.

Soipan hakumsalimia. "Angalia," alimwambia.

Nelson akakaribia meza. Kwa yule wa kofia alipitisha jicho tu, hakukaa hapo. Macho yalienda upande ule, upande wa mkunjo, yakasimama. Akavua helmeti.

"Huyu wa kofia mimi simjui, Mama," akasema. Kidole chake kikashuka juu ya yule mtu wa kamba. "Mimi ni huyu."

"Huyo hata haangalii," Soipan akasema.

"Hata mimi sikuwa naangalia."

Akaanza kuongea akiwa ameangalia ile karatasi, kama mtu anayesoma.

"Watu wanasema nilimshika mkono nikamwacha. Hakukuwa na mkono, Mama. Yeye aliingia kwa maji akamfunga ng'ombe kamba. Halafu akabaki huko nyuma, anasukuma na bega. Mimi nilikuwa juu, kwa ile njia ya malori, navuta. Hapo chini ni unga wa mawe, ukikanyaga unashika mguu kama simiti. Nikamwambia, toka, tuite watu. Akakataa. Akaniambia, 'Wewe vuta, usiangalie huku, vuta tu. Mama amebaki na huyu tu.'"

Kidole chake kikaifuata ile kamba.

"Nikageuka nikavuta. Nilivuta na nguvu yangu yote. Ng'ombe akatoka. Kuangalia nyuma, hakuna mtu."

Kalekye alijiziba mdomo kwa leso. Nje watu walikuwa wakinunua nyanya, mtu anacheka, na humu ndani hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa namwangalia Soipan, nikijua sasa atamrukia kijana au ataanguka, moja kati ya hayo. Hakufanya lolote.

"Hayo maneno ni yangu," akasema.

Hatukumwelewa.

"Nilisimama kwa mlango nikamwambia. Nimebaki na huyu tu, usirudi bila yeye." Alisema polepole, kila neno peke yake. Kisha akamgeukia Nelson. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia aje, Mama? Ningeanzia wapi?" Sasa alikuwa analia, pua na macho, kijana mkubwa hivyo. "Nikaona afadhali waseme ni mimi."

Soipan alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliangalia ile kamba inayotoka kwenye karatasi, akaifuata kwa macho mpaka inapokatika. Aliniambia bila kunitazama, "Mama Mugure, ikunje. Vile ilikuwa."

Na Mungu ananijua, nilitaka kuikunja. Huruma ilinishika. Mwanamke huyu alikuwa ametafuta mtu wa kulaumu kila pembe ya Kitengela, na sasa amempata. Nilishika karatasi kwenye alama ya mkunjo, nikaanza kuiinua. Kiganja cha Nelson kikaanguka juu yake, pa!

"Mama," akasema, "usinikunje."

Soipan akamtazama. Ndiyo mara ya kwanza alimtazama tangu ile jioni ya matope. Alimwangalia nywele, akamwangalia shingo ilivyokonda, akamwangalia mabega.

"Achilia kamba, Nelson," akasema. "Ni mimi nilikutuma."

Akachukua bakora yake, akatoka. Kalekye alitaka kumfuata, nikamzuia.

Nilitengeneza fremu mpya, pana, ya mbao nzuri, na Nelson ndiye aliipeleka kwa pikipiki na kuitundika kwenye ukuta mkavu. Lile bati bovu pia aliliziba. Alipewa chai, akainywa yote, na maneno ya watu yakafa hivyo, yenyewe. Kalekye alizifungua zile nguo za Loitokitok akazirudisha sandukuni. Wageni wakienda kwa Soipan siku hizi hawaulizwi kitu. Wakiuliza wao kama mtu wa majini anavutwa au anasukumwa, anawajibu kwamba hilo hajui, waangalie upande ule mwingine.

Kalekye ananiambia Nelson sasa analala mpaka jua linaingia dirishani. Soipan ndiye halali.